Kiswahili Kimepanda Ndege, Mwalimu Wake Yu Kituoni

Ndugu wanachama, tarehe 7 Julai ni siku yetu mara mbili. Siku hiyo mwaka 1954 wazee wetu waliunda TANU mjini Dar es Salaam. Na mwezi Novemba 2021 UNESCO iliamua kwamba tarehe hiyo hiyo iwe Siku ya Kiswahili Duniani, ikasherehekewa kwa mara ya kwanza mwaka 2022. Mwezi Julai 2024 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa nalo likaitambua. Basi kila mwaka twapiga ngoma, twavaa fulana, twasikiliza hotuba, na jioni twarudi nyumbani vifua mbele. Fahari hiyo ni haki yetu. Hakuna aliyetupa kama sadaka.

Lakini ngoma ikisha kunyamaza, sisi tuna swali moja, nalo twaliuliza hadharani kwa sababu faraghani limekwisha kuulizwa mara nyingi bila jibu. Mwalimu anayefundisha lugha hii katika shule za Kibaha na Kisarawe amepata nini katika utukufu huu?

Maana cheo kimepanda kweli. Mwezi Agosti 2019, katika mkutano wa wakuu wa nchi uliofanyika hapa hapa Dar es Salaam, SADC ilikifanya Kiswahili lugha yake rasmi ya nne, kando ya Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Mwezi Februari 2022 Umoja wa Afrika ulikikubali kuwa lugha ya kazi. Rwanda ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017. Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua mwezi Julai 2022 kwamba kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Afrika Kusini ilitangaza mwaka 2018 kwamba watoto wake wataweza kukisoma shuleni kwa hiari. Na huko mbali zaidi, kwa miaka mingi sasa, London wanakifundisha, Leipzig wanakifundisha, Napoli, Osaka, Seoul na Beijing vivyo hivyo.

Mahali pote hapo patakiwa mwalimu. Lugha haijifundishi yenyewe. Kila uamuzi tunaoupigia makofi ni kazi ya mtu fulani, mshahara wa mtu fulani, safari ya mtu fulani. Twataka kujua mtu huyo ni nani, na kwa nini mara chache mno awe ametoka Maneromango, Mzenga, Mlandizi au Soga.

Mwalimu mmoja wa sekondari wilayani Kisarawe, ambaye hatutamtaja jina kwa kuwa ugali wake uko mikononi mwa wengine, alituonyesha simu yake. Ndani yake lilikuwamo tangazo la mafunzo ya kuwafundisha wageni Kiswahili, limepita katika makundi matano ya WhatsApp kabla ya kumfikia. Lilimfikia siku nne baada ya mlango kufungwa. Tulilisoma lote. Liliandikwa kwa Kiingereza, kutoka kichwa hadi miguu! Lilitaka barua ya ruhusa ya mwajiri yenye mhuri. Mwalimu akatuambia kwamba hata lingemfikia mapema, barua ya ruhusa aliyoiomba mwaka uliotangulia kwa jambo jingine ilichukua majuma saba, kwa kuwa mwenye mhuri alikuwa safarini, na aliporudi faili ilikuwa imehamia meza nyingine. Tulipomwuliza alifanya nini, alicheka tu. Kicheko kile hatukukipenda. Ni kicheko cha mtu aliyekwisha kuzoea.

Watu wa mjini watasema hilo ni jambo dogo. Ati mwalimu angekuwa mwerevu angelitafuta mwenyewe. Tunawaomba watu hao wapande gari kutoka Maneromango kwenda Kibaha, makao makuu ya mkoa wao wenyewe, na wengi wa wasafiri hao hupitia Dar es Salaam: washuke Gongo la Mboto, wavuke jiji, wapande tena Mbezi, halafu ndipo waifuate barabara ya Morogoro. Mwalimu wa Pwani huutoka mkoa wake ili aufikie mkoa wake. Nauli anaijua yeye, na siku aliyopoteza inaandikwa katika daftari la mahudhurio.

Chukueni mfano wa mpango wa Wamarekani uitwao Fulbright, ule unaowachukua walimu vijana kutoka nchi nyingi wakafundishe lugha zao katika vyuo vikuu vya Marekani kwa mwaka mmoja wa masomo. Kiswahili kimo. Kijana hufundisha lugha yake, huku naye anasoma masomo ya chuo, kisha hurudi kwao. Masharti yanajulikana: awe na shahada ya kwanza, apimwe Kiingereza, na umri wake uwe kati ya miaka 21 na 29. Hatuna ugomvi na masharti hayo, kwani mwenye nyumba huchagua mahali pa kuweka mlango. Ugomvi wetu ni na sisi wenyewe. Kijana wetu anamaliza chuo ana miaka 24. Anasubiri ajira, na kwa kuwa nafasi nyingi za serikali zimewatanguliza walimu wa sayansi na hesabu, yeye mwenye Kiswahili na historia anakaa nyumbani miaka mitatu, minne, akiendesha bodaboda ya mjomba wake. Hatimaye anapangiwa shule ya ndani ndani. Anapokuja kusikia kwamba kuna mpango wa namna hiyo, amekwisha timiza miaka 30. Tangazo lililokawia miaka mitano njiani si tangazo tena, ni tanzia.

Wazee wanaotusoma wataukumbuka mchezo huu. Zamani za Waingereza, Bwana Shauri alipofika kutoka Ulaya alitakiwa afaulu mtihani wa Kiswahili ndipo apande daraja. Nani aliyemfundisha? Karani wa boma, mpishi wake, au mwalimu wa shule aliyeitwa barazani jioni baada ya kazi zake. Bwana alikosea ngeli, mwalimu akamrekebisha kwa adabu. Bwana alifaulu, akaongezewa mshahara, akahamishiwa wilaya kubwa. Mwalimu wake alirudi kwa miguu gizani. Hata usanifishaji wa lugha ulikwenda hivyo hivyo. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi, mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki, na katibu wake wa kwanza akawa Mwingereza, Frederick Johnson. Kazi walifanya, na kamusi za Johnson zilizotoka mwaka 1939 twazitumia hata leo. Lakini mwenye lugha alikaa pale kama shahidi mahakamani: huitwa, huulizwa neno hili lina maana gani, halafu huambiwa aende zake.

Serikali ya Uhuru haikulala. Mwaka 1964 kilianzishwa chuo cha uchunguzi wa Kiswahili Dar es Salaam, mwaka 1967 sheria ikaunda Baraza la Kiswahili la Taifa, yaani BAKITA, na mwaka 1979 Zanzibar ikaanzisha taasisi yake ya Kiswahili na lugha za kigeni ambayo iliwafundisha wageni wengi. Hizo ni kazi za watu waliojua wanakotaka kwenda. Sisi tunaouliza maswali leo tunasimama juu ya mabega yao, wala hatutaki mtu yeyote apotoshe maneno yetu akasema kwamba tunawakana.

Tena chama hiki kilitoka wapi? Kilitoka katika chumba cha walimu. Aliyekiongoza tangu mwanzo alikuwa akifundisha Pugu, katika vilima vilivyo jirani na Kisarawe, na miongoni mwa masomo aliyofundisha pale ni Kiingereza na Kiswahili. Mwaka 1955 ilimbidi achague kati ya chaki na siasa, akaiacha chaki, lakini jina la Mwalimu hakuliacha mpaka kufa. Mwendo mfupi kutoka hapo ni Minaki, ambako mwaka 1925 misheni ya UMCA ilihamishia chuo chake cha Kiungani kutoka Unguja, na walimu waliotoka Minaki walitawanyika nchi nzima. Kisarawe ilipeleka walimu Tanganyika yote wakati hapakuwa na simu wala lami. Leo ina lami na simu, na mwalimu wake wa lugha hajui kama wiki ijayo kuna kongamano Dar es Salaam, mwendo wa saa moja na nusu.

Twataka tuseme neno juu ya wale ambao lugha zao zinatunzwa. Mwaka 1982 Tume ya Makweta ilipendekeza kwamba sekondari zetu zianze kufundisha kwa Kiswahili. Mwaka 1983 serikali ilisema hapana. Mwaka 1984 wachunguzi wawili Waingereza, Criper na Dodd, walikuja wakakuta kwamba Kiingereza cha wanafunzi wetu hakitoshi hata kidogo kusomea masomo mengine. Mtu angetazamia kwamba baada ya kuona hivyo watasema, basi wasomeni kwa lugha mnayoijua. La! Mwaka 1987 Uingereza ilileta mradi wa kusaidia ufundishaji wa Kiingereza wenye zaidi ya pauni milioni moja, kwa makubaliano kwamba Kiingereza kibaki kuwa lugha ya kufundishia. Vikaja vitabu vya hadithi kwa masanduku, zikaja semina, wakafunzwa walimu.

Hatuwatukani kwa hilo. Walikuwa wakitetea mali yao, na walijua namna ya kuitetea: hawakupiga ngoma, walimshika mwalimu mkono. Na wengine wanafanya vivyo hivyo. Mwalimu wa Kifaransa ana Alliance Française, anaalikwa, anapewa vitabu, anajua nani wa kumwandikia. Wa Kijerumani ana Goethe-Institut. Wa Kichina tangu mwaka 2013 ana Taasisi za Confucius Dodoma na Dar es Salaam. Kila mmoja anao wajomba wa kumwita. Mwalimu wa Kiswahili peke yake, ndani ya nchi ya Kiswahili, ndiye yatima. Je, hii si ajabu?

Tukisema hivi, wapo mabwana wanaotujibu kwa kicheko. Ati Kiswahili kinahitaji mafunzo gani? Kila mtu anakijua! Hata mtoto wa Kisarawe aliyezaliwa jana anaota kwa Kiswahili. Basi na tuwaombe mabwana hao wakae mbele ya mgeni kwa nusu saa. Mgeni atawauliza: mmenifundisha kwamba -me- ni kitendo kilichokwisha, mbona mnasema mtoto amelala na ninamwona bado amefumba macho? Atauliza: mmesema vitu vyenye ki- huchukua ki-, mbona kiboko aliye mtoni amekufa, na kiboko kilicho mkononi mwa mwalimu kimekatika? Mbona mtu ni wangu, mtoto ni wangu, na rafiki, ambaye naye ni mtu, ni yangu? Mbona saa yangu inaonyesha saba nanyi mwasema ni saa moja? Bwana anayejua Kiswahili kwa kuzaliwa atajikuna kichwa na kujibu, «ndivyo tunavyosema». Huyo si mwalimu. Kuongea ni kipawa cha mama, na kufundisha ni fundi aliyekaa miaka mingi kwenye benchi. Seremala hasemi kwamba kila mwenye mti shambani anajua kuunda kitanda.

Na mwalimu wetu wa sekondari naye, kweli isemwe, hakufunzwa kumfundisha mgeni. Alifunzwa kumfundisha mtoto ambaye amekwisha kujua lugha, ambaye kazi yake ni uhakiki wa tamthilia na uchambuzi wa sentensi. Ni ufundi mwingine. Ndiyo maana mafunzo yale ambayo tangazo lake lilichelewa si anasa. BAKITA huyatoa mafunzo ya namna hiyo, na huwasajili wataalamu wa Kiswahili katika orodha yake ili nafasi zikitokea wajulikane. Hayo ni mema. Lakini orodha ni ya waliosikia kwamba kuna orodha. Ukiwauliza walimu wa Kiswahili katika shule tatu za kata mfululizo upande wa Kisarawe, utajua wangapi wamesikia.

Kuna neno linalopita vijiweni, nalo tunataka kulikata leo. Husemwa kwamba nafasi zetu zimechukuliwa na Wakenya. Ukienda vyuo vya Ulaya na Marekani, ati ni Mkenya anayefundisha lugha ya Watanzania. Maneno haya ni matamu mdomoni, na ni sumu. Kwanza lugha haina hati ya shamba. Lamu na Mombasa walikuwa wakitunga mashairi kwa Kiswahili kabla babu zetu wengi wa bara hawajakisikia. Pili, Mkenya hakuiba. Tangu mfumo wao wa elimu wa mwaka 1985 Kiswahili kimekuwa somo la lazima la mtihani katika shule zao za msingi na sekondari, vyuo vyao vikatoa walimu wengi, na walimu hao wakaandika vitabu, wakaomba nafasi, wakapata. Katiba yao ya mwaka 2010 ikakifanya lugha ya taifa na lugha rasmi. Sisi tulikaa juu ya kiti cha enzi tukasema lugha ni yetu, tukangoja tuletewe. Mtu akikupita njiani ukiwa umelala usimwite mwizi wa barabara. Anayeeneza chuki hiyo anatufundisha kumtazama jirani ili tusiwatazame waliotia tangazo letu mfukoni.

Kwa sababu wapo wenye kulitia mfukoni. Twalisema hili bila kumung'unya maneno. Yako makongamano ya Kiswahili yanayofanyika katika hoteli zenye zulia, na tumehudhuria baadhi yake. Kwenye meza kuna chupa za maji na kalamu zenye nembo. Wanaozungumza ni wale wale waliozungumza mwaka juzi. Wanazungumza juu ya kukibidhaisha Kiswahili, na neno hilo wanalipenda sana, kukifanya bidhaa kiuzwe duniani. Sawa. Lakini bidhaa ina mkulima. Katika kongamano moja tulihesabu kwa macho yetu walimu wanaofundisha shuleni, tukawapata wanne katika ukumbi uliojaa. Wawili kati yao walikuja kwa nauli yao wenyewe, bila ruhusa, wakawa wanatazama saa. Posho ilipogawiwa, majina yao hayakuwamo.

Chama cha Ukuzaji wa Kiswahili Duniani, CHAUKIDU, kilichoanzishwa mwaka 2012, kimewakusanya pamoja walimu wa Kiswahili wa nchi nyingi. Ni jambo jema sana kwamba mwalimu wa Osaka na mwalimu wa Marekani wana mahali pa kukutana. Lingekuwa jema zaidi kama mwalimu wa Vikumbulu angekuwa amekaa katikati yao. Hatudai mwalimu huyo apelekwe kwa huruma. Ana jambo la kuwaambia: anafundisha darasa la watoto themanini kwa kitabu kimoja, naye anajua hila ambazo profesa hazijui.

Sasa tutazame Kibaha. Mahali pale pana historia ya ajabu, na wengi wanaoishi Maili Moja na Picha ya Ndege hawaikumbuki. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi za Nordiki zilikubaliana na Tanganyika kujenga pale shule, kituo cha afya na kituo cha wakulima, na mwaka 1970 zikatukabidhi yote. Wageni wale walijifunza Kiswahili kwa wenyeji. Nani alihesabu saa za wenyeji waliokaa na kuwarekebisha matamshi? Na tarehe 23 Februari 2022 ilifunguliwa Kibaha, mahali paitwapo Kwa Mfipa, Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere, iliyojengwa kwa msaada wa Wachina, mali ya vyama sita vilivyopigania uhuru kusini mwa Afrika: CCM yetu, ANC, FRELIMO, MPLA, SWAPO na ZANU-PF. Makada vijana kutoka Namibia, Angola, Msumbiji, Zimbabwe na Afrika Kusini hukaa pale na kusoma pamoja.

Ndugu, mwaona nafasi iliyolala hapo? Baba za vijana hao walijifunza Kiswahili katika kambi zetu, Kongwa, Nachingwea, Bagamoyo, Mazimbu, bila kitabu wala cheti. Ndiyo maana mwaka 2004 Joaquim Chissano wa Msumbiji aliweza kusimama mbele ya Umoja wa Afrika mjini Addis Ababa na kuhutubia kwa Kiswahili, wakalimani wakababaika. Kiswahili kile alikipata kwetu wakati wa vita. Watoto wa wapiganaji sasa wanakuja Kibaha wakati wa amani, wamelala umbali wa kutembea kwa miguu kutoka shule zenye walimu wa Kiswahili wanaotafuta kazi ya ziada. Twataka kila kozi ya makada wa nje pale Kwa Mfipa ianze na majuma mawili ya Kiswahili, na wafundishaji wawe walimu wa Kibaha na Kisarawe waliofunzwa kazi hiyo, walipwe kwa saa kama fundi mwingine yeyote. Hakuna haja ya kuvuka bahari. Hii ni nafasi iliyo mlangoni, na mwenye ufunguo ni chama chetu wenyewe. Chama kikishindwa hapo, kitakuwa na uso gani wa kuidai wizara?

Na mafunzo ya kuwafundisha wageni yaletwe Kibaha, yafanyike likizo ya Juni au ya Desemba, katika madarasa ya shule ambayo wakati huo ni matupu. Zulia halihitajiki. Walimu walale katika mabweni, wale ugali na maharage ya shule, na fedha ya hoteli ilipe nauli zao. Tangazo lolote la mafunzo, la kongamano au la kazi ya lugha ya Kiswahili liandikwe kwa Kiswahili, libandikwe katika ofisi ya kila kata, kama linavyobandikwa tangazo la chanjo ya mifugo. Barua ya ruhusa ijibiwe katika siku kumi, kwa ndiyo au kwa hapana yenye sababu. Mwalimu hakatai kuambiwa hapana. Anachokataa ni kunyamaziwa.

Tumewalaumu wakubwa, na sasa zamu ya walimu wenyewe. Wengi wenu mmekata tamaa mapema. Twawajua walimu wa Kiswahili ambao tangu watoke chuoni hawajasoma kitabu kipya, wanafundisha kwa madaftari ya manjano, nao hulalamika kwamba dunia haiwaoni. Dunia ikuone ukifanya nini? Wapo wengine wanaona haya kusema ni walimu wa Kiswahili, na mgeni akifika wanakimbilia Kiingereza kilichovunjika mguu ili waonekane wasomi. Hiyo ndiyo kasumba yenyewe, na haikuletwa na meli mwaka huu. Hakuna sheria inayowazuia walimu wa Mlandizi, Visiga na Kongowe kukutana Jumamosi moja kila mwezi chini ya mwembe, mmoja afundishe somo la dakika arobaini kana kwamba wenziwe ni wageni, na wenziwe wamkosoe. Wa Kisarawe mjini na Masaki vivyo hivyo. Mikutano ya namna hiyo haihitaji mdhamini. Na nafasi ya Kampala au Pretoria ikitokea, atakayeulizwa «umewahi kufanya kazi hii?» atakuwa na la kujibu.

Wazee wa Uzaramo nao tunawataka katika mikutano hiyo. Wao wana misemo, mafumbo na majina ya miti na samaki ambayo hayamo katika kitabu chochote cha shule, na mwalimu kijana aliyetoka bara atatoka pale na mali.

Basi twawaagiza makatibu wa matawi ya Kibaha na Kisarawe walitie jambo hili katika ajenda ya kikao kijacho. Waandike majina ya walimu wa Kiswahili waliomo katika kata zao, walioajiriwa na wasioajiriwa, umri wao na shahada zao, na orodha hiyo ipelekwe wilayani, mkoani na BAKITA kabla ya tarehe 7 Julai. Nakala moja iletwe hapa ofisini kwetu. Na baada ya siku kumi za kazi tutapita kuuliza, ofisi kwa ofisi, kisha tutachapa katika ukurasa huu huu ipi iliyojibu na ipi iliyonyamaza.